Barabara imepanuliwa njia sita, foleni imerudi vilevile na mtoto anakohoa kila usiku. Tatizo liko wapi jamani?

Mama_Pacha ameandika:

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo maana hili jambo limenichosha. Nakaa ghorofa ya kwanza pembeni kabisa ya barabara kuu, kutoka dirishani kwangu mpaka kwenye lami ni kama hatua 20 tu. Wakati nahamia hapa miaka mitano iliyopita barabara ilikuwa na njia mbili, foleni ikawa kero kila mtu analalamika, ikaja kupanuliwa zikawa njia sita. Tukala vumbi la ujenzi mwaka mzima na ushee tukiambiwa vumilieni, ikiisha hii mtapumua. Na kweli miezi ya mwanzo magari yalikuwa yanapita bila kusimama, mume wangu akawa anafika kazini kwa dakika 25. Sasa hata miaka miwili haijaisha foleni imerudi palepale, ila zamani yalisimama kwa mistari miwili na siku hizi yanasimama kwa mistari sita, yote injini zinanguruma hapa chini ya dirisha langu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, halafu jioni tena mpaka saa mbili usiku.

Kilichonifanya niandike ni mmoja wa wanangu pacha, wana miaka sita. Anakohoa usiku, kikohozi kikavu, na akilala kifua kinapiga mluzi kabisa nausikia nikiwa chumba cha pili. Mwenzake yuko salama. Juzi nimefua pazia la chumba chao, maji yakatoka meusi kama nimefua ovaroli la fundi wa gereji. Nikaanza kupangusa kizingiti cha dirisha kila jioni kwa kitambaa cheupe, na kila jioni kinatoka na weusi. Si lile vumbi la rangi ya udongo, huu ni weusi kama masizi, ukiusugua kidoleni unateleza kama una mafuta.

Sasa naomba kuelewa, kwa nini foleni imerudi wakati barabara imekuwa kubwa mara tatu? Huu moshi unaweza kuwa ndio unaomsumbua mtoto au nawaza sana? Na nifanye nini, maana kuhama kwa sasa siwezi, kodi nimeshalipa na shule ya watoto iko hapahapa. Mwisho, kuna mji wowote duniani umewahi kulimaliza hili au ndio tujizoeze tu?

---

Kijana_wa_Kona ameandika:

Pole sana dada. Mimi sio mtaalam ila hicho kifua kinachopiga mluzi usikae nacho nyumbani ukisubiri majibu ya mtandaoni, mpeleke hospitali kesho asubuhi. Mdogo wangu alianza hivyohivyo tukawa tunampa dawa za kikohozi za dukani miezi mitatu kumbe ni pumu. Mengine wataalam watakuja.

---

Mpanga_Mataa ameandika:

Mama Pacha, nina miaka 14 kwenye kazi ya kupanga barabara na mataa na hilo swali lako la kwanza naulizwa na watu kila siku, mpaka wakubwa wanaosaini bajeti za barabara nao wanaliuliza. Nivumilie nielezee kwa kirefu.

Ukipanua barabara katikati ya mji unaokua unakuwa umepunguza gharama ya kuendesha gari, na gharama kubwa kwa mwendeshaji ni muda, hela inafuata nyuma. Sasa yule aliyekuwa anatoka kwake saa kumi na moja alfajiri ili akwepe foleni anaona hamna haja, anatoka saa moja kama wenzake. Aliyekuwa anapita njia za uchochoroni anarudi barabara kuu. Aliyekuwa anapanda basi na gari analo nyumbani analiwasha. Na mwingine kiwanja chake kule nje ya mji alikuwa hajakijenga kwa sababu ni mbali, sasa kimekuwa dakika 25, anajenga. Hao wote siku mkandarasi anapima barabara hawakuwepo barabarani, ndio waliokuja kuijaza. Na hakuna hata mmoja aliyekosea, kila mtu amefanya chenye akili kwa upande wake.

Hili limepimwa. Mwaka 2011 wachumi wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, walitoa utafiti wa miji ya Marekani wakaonyesha kwamba kilomita za barabara kuu zikiongezeka, kilomita ambazo magari yanaendeshwa nazo zinaongezeka karibu kwa kiwango hichohicho. Kule Houston kuna barabara inaitwa Katy Freeway, ilipanuliwa ikamalizika 2008 na kuna sehemu ukihesabu na njia za pembeni unapata njia 26. Miaka michache tu baadaye safari za asubuhi na jioni zikaanza tena kurefuka. Njia 26!

Halafu kuna kitu cha pili watu hawakijui kuhusu foleni na ndicho kinachonipa matumaini. Kwenye mataa, njia moja inaachia kama gari moja kila sekunde mbili wakati wa kijani. Kijani ikiwa nusu ya muda, njia hiyo inapitisha kama magari 900 kwa saa. Yakija 880 hakuna anayelalamika. Yakija 950, kila saa yanabaki 50 yamekwama, na gari moja na nafasi yake ni kama mita 7, hapo una foleni ya mita 350 imetokana na magari 50 tu ya ziada kati ya 950. Ndiyo maana shule zikifungwa unashangaa mji umefunguka wakati magari yaliyopungua ni machache. Kwa hiyo hatuhitaji kuyaondoa magari nusu, tukipunguza hata moja katika kumi kwenye zile saa mbili mbaya, hapo dirishani kwako utaona mwenyewe mabadiliko.

Na foleni nyingine hazina sababu hata ya mataa. Watafiti wa Japani walichapisha jaribio lao mwaka 2008, waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja tu, hakuna mataa, hakuna shimo, hakuna anayekatiza. Muda si mrefu mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma akakanyaga breki zaidi, wa nyuma yake zaidi, mpaka mwingine akasimama kabisa, na ile sehemu ya kusimama ikawa inarudi nyuma kama wimbi. Kwa hiyo siku ukimsikia mtu anauliza "kumbe mbele hamna hata ajali?", ndiyo hiyo.

Kuhusu miji iliyofanikiwa nitarudi, naandika kwa simu na mkono umechoka.

---

Zamu_ya_Usiku ameandika:

Mama Pacha mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kwanza namuunga mkono Kijana wa Kona, kifua kupiga mluzi usiku kwa mtoto wa miaka sita ni cha kuonwa na daktari, na akipewa dawa ya kuvuta usije ukaiacha eti kwa sababu kikohozi kimetulia wiki mbili, wazazi wengi wanakosea hapo. Na ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi au anashindwa kumaliza sentensi, hiyo ni dharura, usingoje kukuche.

Sasa kuhusu moshi. Huwazi sana dada yangu. Weusi unaouona kwenye kitambaa, sehemu yake ni zile chembe kubwa, hizo nyingi pua inazikamata. Zinazotuumiza zaidi huzioni. Zinaitwa PM2.5, maana yake upana wake hauzidi sehemu 2.5 za milimita iliyogawanywa mara elfu, unywele mmoja wa kichwani unaweza kuzizidi mara 30. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika mwisho kabisa wa mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake, likasema kwa wastani wa mwaka hewa isizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, zamani walikuwa wanasema 10. Na wenyewe wanasema karibu watu wote duniani, asilimia 99, wanavuta hewa inayozidi hapo, kwa hiyo wewe hauko peke yako. Moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika mwaka 2012.

Mtoto anaumia zaidi kuliko sisi kwa sababu mapafu yake bado yanajengwa, anapumua hewa nyingi kulinganisha na uzito wake, na kimo chake kinamweka jirani na bomba la moshi. Siku moja simama barabarani uchuchumae mpaka usawa wa uso wa mtoto wako halafu uvute pumzi, utaelewa. Na kwamba pacha mwenzake hana shida haimaanishi moshi hauhusiki, kifua cha mtu na mtu kinatofautiana, hata waliozaliwa siku moja.

Sikutishi, ila nataka ujue kwamba jambo hili limeshafika hadi kwenye vyeti vya vifo. London kuna mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na pumu, wakiishi karibu na barabara yenye magari mengi, akafariki 2013. Mama yake hakunyamaza, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo kile. Mama mmoja aliyeuliza maswali kama haya yako.

Cha kufanya ndani ya nyumba ukiwa hapohapo: hamisha kitanda chake kiende chumba cha upande wa pili, mbali na barabara. Hili ni la kwanza na halina gharama. Moshi wa barabara kubwa unapungua kwa kasi kadiri unavyosogea, athari kubwa iko ndani ya mita 300 hadi 500, na sehemu mbaya kabisa ni zile za mwanzo karibu na lami, kwa hiyo hata ukuta mmoja au kuta mbili katikati ni msaada. Dirisha la barabarani lifunge zile saa za foleni, fungua la uani. Hewa badilisha mchana magari yakiwa yanatembea na jua limeshapasha ardhi, moshi unapanda juu unatawanyika, alfajiri na usiku hewa ya baridi inatulia chini na moshi unabaki palepale. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, ufagio mkavu unarusha tu vumbi juu. Na ndani msiongeze mengine, sigara, jiko la mkaa, dawa ya mbu ile ya kuwasha, hivyo vyote navyo ni moshi na kifua hakitofautishi umetoka wapi.

Barakoa za kitambaa hazizuii hizi chembe ndogo, msipoteze hela. Zinazozuia ni zile za N95, na hata hizo zisipobana uso wa mtoto vizuri hewa inapita pembeni.

---

Dereva_Basi ameandika:

Salaam. Mimi ndio naendesha basi moja wapo linalonguruma chini ya dirisha lako shemeji, labda si la barabara hiyo lakini ni hayohayo. Nimesoma nimeona niseme na upande wetu.

Basi langu likijaa lina watu 60. Asubuhi nakuwa nimezungukwa na magari madogo, ukichungulia ndani kila moja ana mtu mmoja, zikizidi sana wawili. Hao watu 60 niliowabeba mimi wangekuja na magari yao ingekuwa kama magari 40, kwa hesabu ya Mpanga Mataa ya mita 7 hiyo ni mita 280 za barabara, na mimi basi langu lina mita 12. Lakini mimi na yule aliyekaa peke yake kwenye gari tunasubiri sawa. Abiria wangu wanachelewa kazini kwa foleni ambayo hawakuitengeneza wao. Wakichoka, mwaka unaofuata mwenye uwezo kati yao ananunua gari, anakuja kujipanga mbele yangu.

Kuhusu kuzima injini, najua watu wanauliza kwa nini hatuzimi. Ukweli ni kwamba betri zetu nyingi zimechoka na starta zinasumbua, ukizima kwenye foleni ukashindwa kuwasha unafunga barabara nzima unatukanwa mpaka na watembea kwa miguu. Mimi nilipowekewa betri mpya nikaanza kuzima pale kwenye makutano yanayokaa sana, mafuta nikaona yanabaki, hata bosi akauliza nimefanya nini. Watu wanaamini kuwasha kunakula mafuta kuliko kuacha inanguruma, sio kweli, ikizidi sekunde 10 kuzima kuna faida. Mwenye gari dogo yeye hana hata kisingizio cha betri ya basi.

Na sisi tunaumwa jamani. Mimi nikirudi nyumbani nikapenga kamasi ni nyeusi. Konda wangu anasimama mlangoni siku nzima, uso wake uko nje, ana miaka 24 na anakohoa kama mzee.

---

Gari_Langu_Haki_Yangu ameandika:

Nawaheshimu wote ila naona huu uzi unaelekea kutulaumu sisi wenye magari. Mimi gari nimelinunua kwa sababu nilichoka kugombania mlango wa basi na kufika ofisini shati limelowa jasho, nina mama mgonjwa wa kumpeleka kliniki, nina mtoto wa kumpitisha shule. Leo mniambie nilipie kuingia mjini au niache gari nyumbani wakati basi lenyewe halieleweki linapita saa ngapi? Mimi naona dawa ni barabara za juu kwenye makutano yote makubwa, na ikishindikana basi waweke utaratibu wa namba za gari, leo wanatembea wenye namba shufwa, kesho witiri, wote tuumie sawa. Naongea kwa nia njema kabisa.

---

Mpanga_Mataa ameandika:

Kaka yangu hapo juu hoja yako ya basi ni ya haki kabisa na sitaki ipite hivihivi. Huwezi kumwambia mtu aache gari wakati hujampa cha kupanda. Hapo ndipo miji mingi inapokosea.

Ila kwa hayo mawili uliyopendekeza, ya namba yameshajaribiwa. Mexico City walianza 1989, kila gari na siku yake ya kutotembea kufuatana na namba ya mwisho. Kilichotokea ni kwamba wenye uwezo walinunua gari la pili lenye namba nyingine, na kwa sababu ni la ziada walinunua kuukuu, linalotoa moshi zaidi ya la kwanza. Barabara ya juu nayo inaondoa foleni kwenye makutano hayo na kuipeleka makutano yanayofuata, inafika mapema zaidi na imejaa zaidi. Nimesimamia moja kwa mikono yangu. Siku ya kufungua tulifurahi wote, miezi minne baadaye nikaenda kupima mataa ya mbele yake, mstari ulikuwa umerudi nyuma mpaka unapanda juu ya daraja lenyewe. Nilisimama pale nikaona uchungu. Seoul, Korea Kusini, wao walikuwa na barabara ya juu iliyofunika mto wao wa Cheonggyecheon katikati ya mji, wakaanza kuibomoa 2003, wakaongeza na mabasi, mto ukafunguliwa 2005 na mji haukusimama kama watu walivyoogopa.

Sasa mfano ambao nataka muushike ni wa Stockholm, kule Sweden. Wao waliongeza mabasi kwanza, 2005, ndipo Januari 2006 wakaanza kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji, kwa majaribio ya miezi saba. Kabla ya kuanza wananchi wengi walikuwa wanapinga, wanasema maneno haya haya yako kaka. Magari yakapungua kama moja kati ya matano, foleni zikakatika (kumbukeni ile hesabu ya magari 50). Majaribio yalipoisha magari yakarudi, watu wakaona tofauti kwa macho yao, na kwenye kura ya Septemba mwaka huohuo wakazi wa mji walio wengi wakasema irudishwe. Ikarudi 2007. Na hili nalisema kwa ajili ya Mama Pacha: watafiti waliofuatilia wakaona hewa imekuwa safi zaidi na watoto wadogo wanaopata mashambulizi ya pumu wamepungua. Singapore walikuwa wameanza kutoza zamani sana, 1975, na London 2003.

Kwa mji usio na uwezo wa kuchimba reli za chini, Bogotá kule Kolombia walichukua njia za katikati ya barabara zao kubwa wakawapa mabasi peke yao, wakafungua 2000, TransMilenio. Sisemi hayana msongamano mle ndani, yanajaa sana, lakini korido moja inabeba makumi ya maelfu ya watu kwa saa kwa upande mmoja. Njia ya kawaida ya magari madogo ikijitahidi sana haifiki hata elfu mbili.

Kwa hiyo dada, kwenye hizo njia sita mbele ya dirisha lako, mbili zikipewa mabasi, kila upande moja, Dereva Basi anapita, yule kaka anapata basi linaloeleweka, na anayelazimika kweli kuendesha, mwenye mama mgonjwa, anakuta barabara ina nafasi.

---

Fundi_Nozeli ameandika:

Mmeongea yote mkasahau gereji, moshi unatoka kwetu huku. Gari dizeli likitoa moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, angalia filta ya hewa, utaikuta imeziba kama godoro, au nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi zimekwisha au sili za valvu. Mweupe asubuhi likiwa la baridi ni kawaida kwa dizeli, ukiendelea wakati injini imepata moto angalia maji ya rejeta, gasketi imekwenda. Filta ya hewa ni hela ndogo kuliko vyote na ndiyo inayosahaulika kuliko vyote.

Kuna jambo linaniuma nalisema wazi. Magari ya petroli yana kile kisega ndani ya bomba la moshi, katalaiza, kazi yake ni kugeuza gesi za sumu kabla hazijatoka. Ndani kina madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Wapo mafundi wanakitoa wakauze, mteja anaambiwa "gari litakuwa jepesi", anarudishiwa bomba tupu. Gari linawaka, linatembea, moshi huuoni, lakini kinachotoka pale ni kibaya mara nyingi zaidi. Mwenye gari ukitoka gereji gonga lile bomba kwa mkono, likiita tupu kama debe uliza maswali.

Na hata lililo nalo, kile kisega hakifanyi kazi mpaka kipate moto wa kama nyuzi 300, kwa hiyo vile visafari vya dakika tano, kumpeleka mtoto shule ya mtaa wa pili, ndivyo vichafu kuliko vyote kwa kilomita.

---

Mama_Pacha ameandika:

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, samahanini kwa ukimya. Asanteni sana, nimesoma kila neno na mume wangu amesoma.

Hospitali wamesema ni pumu. Amepewa dawa ya kuvuta na kile kichupa cha kuvutia cha watoto, natumia kama Zamu ya Usiku alivyosema, asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Tumebadilishana vyumba, sisi wakubwa tumehamia cha barabarani, wao wako cha uani. Nikafanya kama jaribio, vitambaa viwili vyeupe, kimoja dirisha la barabarani kimoja la uani, siku saba bila kupangusa. Cha barabarani cheusi ti. Cha uani kimekuwa cha kijivu, sio cheupe, lakini ukiviweka pamoja mezani hakuna anayehitaji kuelezwa. Nilivipeleka vyote viwili kwenye kikao cha wazazi shuleni, nikavitandika mbele ya mwalimu mkuu. Maana pale getini asubuhi magari kama 30 yanasubiri yakiwa yanaunguruma na watoto wanapita katikati ya mabomba. Tumekubaliana magari yazimwe na yasimame ng'ambo ya uwanja, watoto watembee kando ya ukuta. Wiki ya kwanza waliozima walikuwa wachache, jana nimehesabu matatu tu yaliyokuwa yanaunguruma.

Mwanangu amelala usiku minne mfululizo bila kukohoa.

Sasa tuko wakazi 41 tumeandika barua ya kuomba njia ya mabasi. Mpanga Mataa, wakituita tukaambiwa "mnaonea wenye magari" tuwajibu nini?

---

Mpanga_Mataa ameandika:

Nendeni na hesabu ya watu, msiende na hesabu ya magari. Ofisi nyingi zinahesabu magari, basi lenye watu 60 linaandikwa moja sawa na gari la mtu mmoja, ndiyo maana siku zote barabara inaonekana ni ya magari madogo. Kaeni dirishani wawili, mmoja ahesabu magari madogo na vichwa vilivyomo, mwingine mabasi, dakika 15 kamili, upande mmoja tu, saa moja na nusu asubuhi. Kwa basi kadirieni, tupu, nusu, limejaa. Fanyeni siku tatu tofauti za kazi, asije akasema mlichagua siku.

---

Mama_Pacha ameandika:

Tumefanya leo mimi na pacha wote wawili, wao walikuwa wanahesabu mabasi nikawafungulia dirisha kwa muda mfupi halafu tukafunga tukaendelea kwenye kioo (msinigombeze). Dakika 15, upande wa kwenda mjini. Magari madogo 310, ndani yake watu 421. Mabasi 14, karibu yote yamejaa, tumekadiria watu 780. Nimerudia kujumlisha mara tatu. Kesho tunahesabu tena na keshokutwa, barua inaenda Ijumaa.